Mpiga Konga Aliyefumba Macho

Providencia hakupata lepe la usingizi usiku ule. Alikaa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango wa jikoni, taa ameizima ili majirani wasijue kwamba yu macho, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa kwa sababu ya magoti yake. Kila gari lililopita barabara ya kijiji chao cha Jobos alilisikiliza tangu likiwa mbali mpaka likapotea. Kazi hiyo alikuwa na ujuzi nayo. Mwanawe Edgardo, waliyemwita Gardo, alikuwa mpiga konga, zile ngoma ndefu za orkestra, na mama wa mpiga konga huzoea kulala sikio moja likiwa barabarani.

Lakini safari hii hakuwa akingoja gari. Gardo alikuwa ameondoka kwa miguu, saa tatu za usiku, amevaa shati lake jeupe la jukwaani, bila kuomba baraka. Hilo ndilo lililomkaa Providencia kifuani. Tangu alipojua kusema, Gardo hakuvuka kizingiti bila kutamka, "Baraka, Mama," akangoja kujibiwa, "Mungu akubariki." Hata siku walizogombana aliomba. Hata kwa simu kutoka New York, akiwa na sarafu mbili tu mkononi. Usiku ule alimpita mama yake kama anayepita kabati.

Mwanamume wa miaka thelathini na sita huwezi kumfuata barabarani na viatu vya nyumbani. Providencia alilijua hilo. Alijua pia kwamba upande mmoja wa barabara kuna bahari na upande wa pili kuna duka la Quino, ambako chupa haziishi. Akabaki kwenye kiti chake, akihesabu shanga za rozari bila kusali, na kila alipofumba macho aliliona tena lile lililotokea jioni uwanjani kwa bibi mkubwa wa kijiji, doña Eustaquia.

Ili lieleweke, lazima tuanze mbali kidogo.

Baba yake Gardo, Monserrate, alikata miwa ya watu maisha yake yote, na siku za sikukuu alipiga ngoma ya chini katika uwanja wa doña Eustaquia Villodas. Ngoma iitwayo bomba kule kwao huwa na mapipa mawili yaliyowambwa ngozi ya mbuzi. La kwanza linashikilia mpigo uleule tangu jua kali mpaka watu waagane, halijivuni wala halibadiliki. Hilo ndilo lililokuwa la Monserrate. La pili ni la kujibu. Mchezaji anaingia uwanjani, anaipa ngoma heshima kwa kuinama, kisha anainua pindo la sketi, anatupa bega, anakanyaga, anageuka. Na mpigaji lazima akipe sauti kila alichofanya, papo hapo, hata kiwe kidogo kama kupepesa kope. Mchezaji ndiye anayesema. Mpigaji anajibu tu.

Aliyechagua nani aketi kwenye ngoma ya kujibu ni doña Eustaquia peke yake. Uwanja ulikuwa wake, na kabla yake wa mama yake. Alikuwa pia madrina wa Gardo, aliyemshika siku ya ubatizo, lakini kwa jambo hilo hakumpunguzia hata kidogo. Gardo alipofika miaka kumi na minne na mikono inamwasha, alimkalisha mbele ya ngoma msimu mzima, mikono ameikalia chini ya mapaja.

"Unaona nini?" alimuuliza kila baada ya mchezo.

"Naona doña Fela anacheza, Madrina."

"Doña Fela anaumwa jino. Hukuona? Bega la kushoto halikupanda hata mara moja. Kesho rudi uje uangalie. Macho kwanza. Mikono haina haraka."

Mwaka uliofuata alimruhusu apige. Providencia alikuwepo. Alikumbuka jinsi mtoto alivyowakodolea wachezaji macho, bila kupumua, kama anayetazama maziwa yasimwagike jikoni.

Kisha kazi ya miwa ikaanza kuisha. Gardo alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa sabini na tatu, alipopanda ndege kwenda New York na begi moja. Pale uwanja wa ndege Providencia alimshika kola ya shati, akamwambia neno alilolitayarisha tangu nyumbani: "Usiwe kama baba yako, mwanangu. Miaka ishirini anapiga ngoma na hakuna anayemjua nje ya Jobos. Kule piga wakutazame." Monserrate alikuwa amesimama palepale na kofia yake mkononi.

Basi akapiga wakamtazama. Mchana alifunga vifungo vya mikoba ya wanawake kiwandani, usiku alizunguka kumbi za Bronx akiomba wampe nafasi ya wimbo mmoja. Mwaka wa pili, mpiga konga wa orkestra ya Candela Brava aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Gardo aliketi mahali pake usiku mmoja, akakaa miaka kumi na mitatu. Jobos ilianza kupata sahani za santuri. Providencia aliweka jalada la kwanza juu ya televisheni, na kila mgeni alimwonyesha kwa kidole: yule, wa tatu kutoka kushoto, yule ambaye tarumbeta imemfunika nusu ya uso. Simu ya Jumapili ilitoka Panama, ikatoka Cali, ikatoka Lima, mara moja ikatoka mji wa Ulaya ambao jina lake hakuweza kulitamka kwa majirani.

Sifa yake ilikuwa ya mwisho wa onyesho. Orkestra ilinyamaza, taa zote zikazimwa isipokuwa moja, na Gardo akabaki peke yake na konga tano, dakika saba nzima, amefumba macho. Gazeti moja lilichapisha picha: kichwa ameinua, kinywa wazi, macho yamefumbwa. Providencia aliikata akaitundika kando ya picha ya Moyo Mtakatifu.

"Anafanana na mtakatifu," walimwambia wageni.

"Eh," alijibu. Yeye kila asubuhi akiipita alimwona mtu anayeng'olewa jino.

Mambo mengine hakuambiwa. Hakuambiwa kwamba alifunga vidole kwa plasta kabla ya kazi na kuvitumbukiza kwenye ndoo ya barafu baada yake. Hakuambiwa kwamba baada ya siku nne za karnivali huko Barranquilla alikojoa mkojo mwekundu, na daktari akamwambia ni damu inayovunjikavunjika viganjani kwa kupiga. Habari hizo alizipata kwa Yvette, mke wake Gardo, tena siku ambayo Yvette alipiga simu kusema anamwacha. "Simwachi kwa ubaya, doña Provi," alisema yule binti. "Nimechoka kuishi na mtu anayekuja nyumbani kulala tu." Monserrate alipofariki, Gardo alikuwa upande wa pili wa dunia. Alifika siku ya nne baada ya maziko, akasimama makaburini na miwani ya jua, akarudi uwanja wa ndege jioni ileile.

Halafu muziki ukabadilika. Wakaja waimbaji vijana wenye nywele za kung'aa na nyimbo za chumbani, na konga zikasogezwa nyuma, nyuma, mpaka zikawa nyuma ya pazia. Studio zikanunua mashine za kupiga ngoma. Orkestra ya Candela Brava haikuvunjwa kwa hafla wala kwa ugomvi. Ilikuwa tu kwamba Jumanne moja kiongozi hakupiga simu, wala Jumanne iliyofuata. Februari iliyofuata Gardo alirudi Jobos na masanduku manne na konga zake, akalala wiki tatu. Providencia alikuwa akimfungulia mlango wa chumba taratibu kuangalia kama anapumua.

Kilichomwamsha ni kiti kitupu. Mzee Bartolo, aliyejibu ngoma ya doña Eustaquia kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amefariki Januari, siku ya Wafalme Watatu. Nereida, binti yake doña Eustaquia, mwanamke wa miaka hamsini mwenye ulimi wa kuchoma, alikuja na sahani ya maandazi ya dagaa, akasimama mlangoni.

"Yule msanii wako wa kimataifa bado amelala?"

"Amechoka, Nereida."

"Sote tumechoka, shoga, ila sisi hatuna wa kutupikia. Mwambie Mama anamwita Jumamosi. Kuna kiti."

Jioni ile Gardo alikula vizuri kwa mara ya kwanza. Alisema, akichovya mkate kwenye mchuzi, kama anayesema na sahani: "Nikipewa kiti kile, Mama, sirudi New York." Providencia aligeuka kwenye jiko asionekane uso. Daktari wa mjini Ponce alikuwa amemtazama Gardo mikono na kumwambia kwamba miaka mitatu zaidi ya kupiga usiku sita kwa wiki, na hataweza kufunga ngumi. Kiti kile kilikuwa cha Jumamosi moja kwa mwezi. Mama mtu alishaona uzee wake wote umekaa sawa: mtoto nyumbani, mikono inapona.

Ndipo ikaja Jumamosi yenyewe. Gardo alivaa shati la jukwaani. Watu walikuja hata kutoka mji wa Arroyo kumwona aliyepiga Ulaya. Ngoma ilipopamba moto doña Eustaquia aliinuka, miaka themanini na moja, mkongwe wa watu, akaingia uwanjani polepole. Akaiinamia ngoma. Akainua pindo la sketi kwa vidole viwili, kiasi cha upana wa kiganja.

Gardo alimjibu kwa mvua ya mapigo. Watu wakashangilia. Doña Eustaquia akatupa bega. Gardo alikuwa bado hajamaliza jibu la kwanza. Alikuwa ameinua kichwa, mikono inaruka, na Providencia, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wanawake, akamwona kabla ya mtu mwingine yeyote: amefumba macho.

Alitaka kupiga kelele. Doña Eustaquia alisimama katikati ya uwanja, mikono imeteremka, akangoja. Alingoja muda mrefu. Wakaona waliokuwa karibu, wakaacha kupiga makofi. Wakaona wa nyuma. Ngoma ya chini ikanyamaza. Ikabaki mikono ya Gardo peke yake. Uwanja mzima ulijua isipokuwa yeye. Kisha doña Eustaquia akamgeuzia mgongo na kwenda zake bila kuinama. Wengi waliokuwepo hawakuwahi kuona mchezaji akitoka uwanjani bila kuiaga ngoma. Aliingia ndani akafunga mlango, na sauti ya komeo ndiyo iliyomfumbua Gardo macho.

Nereida alichukua mkeka akaifunika ngoma kama anayefunika maiti.

*

Kulipokaribia kucha, Gumersindo mwoka mikate alisimamisha baiskeli yake nje.

"Provi! Acha kujifanya umelala, nakuona kidole gumba cha mguu."

Providencia alikuwa mlangoni kabla hajamaliza. "Yuko wapi?"

"Kwangu. Amelala juu ya magunia ya unga kama paka wa nyumba."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Ila anakoroma nje ya mpigo, na kwa mtu wa sifa zake ni aibu." Gumersindo alicheka, kisha akauona uso wa Providencia akaacha. Akamkabidhi mkate, ukiwa bado wa moto. "Kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Aliniomba simu. Alizungumza na mtu wa New York. Kuna meli ya watalii inataka mpiga konga, miezi kumi, usiku sita kwa wiki. Amesema atakuwepo Alhamisi."

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana. Ndiyo maana nakuambia."

Gardo alirudi saa sita mchana, unga kwenye nyusi. Safari hii aliomba baraka, kwa sauti ya chini, na Providencia akambariki akampa kahawa. Hakumuuliza kitu. Jumapili ikapita hivyo. Jumatatu Gardo alipanga masanduku. Jumanne alifunga konga kwenye mablanketi yao, akizikaza kamba kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba. Providencia alipiga pasi mashati aliyoyapiga pasi jana yake. Alikuwa amechoka uchovu ule usioisha kwa kulala, wa kumsindikiza mtu yuleyule mara kwa mara.

Jumatano baada ya chakula cha mchana aliweka pasi chini.

"Nenda kwa madrina wako ukamwombe radhi."

"Nilienda Jumapili, Mama. Na Jumatatu. Nereida alinitolea kichwa dirishani kama kasa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Hafungui." Aliketi juu ya sanduku. "Nikae hapa nifanye nini? Nilirudi kwa ngoma ile. Kama ile imefungwa, mimi Jobos ni mgeni tu anayekula wali wako."

"Kule melini nani anakutazama?"

"Hakuna," alisema Gardo. "Watu wanakula kamba huku tunapiga. Ndiyo raha yake. Ukikosea hakuna anayejua."

Providencia alivua aproni. "Twende."

"Mama, jua kali, na magoti—"

"Nimesema twende."

Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima. Wao walitumia nusu saa. Alimshika mwanawe mkono, akasimama kila penye kivuli. Karibu na kisima cha zamani akasema, bila kumtazama: "Mimi ndiye niliyekuambia upige wakutazame. Pale uwanja wa ndege. Baba yako alisikia."

"Sikumbuki, Mama."

"Unakumbuka."

Gardo alimsaidia kuvuka mtaro. "Nakumbuka," alisema.

Uwanja wa doña Eustaquia ulikuwa mtupu, umefagiwa, alama za ufagio bado kwenye vumbi. Mlango wa mbele, wa mbao ya kijani, ulikuwa umefungwa. Kando yake palikuwa na benchi refu la wanawake. Kuku walipekua chini ya mwembe mdogo wa jirani. Gardo alisimama hatua mbili kutoka mlangoni akavua kofia.

"Baraka, Madrina."

Dirisha likafunguliwa, na Nereida akatoa kichwa, nywele zimesukwa nusu.

"Wee tena? Na leo umemleta mama yako akulilie?"

"Habari za mchana, Nereida," alisema Providencia, akihema. "Tumekuja kumwona doña Eustaquia."

"Mama hapokei wageni."

"Sisi si wageni."

"Ndiyo maana hasa." Nereida aliegemeza viwiko dirishani. "Mgeni angesamehewa. Mgeni hajui. Huyu alikalishwa hapa, mikono chini ya makalio, msimu mzima. Mama yangu mwenye miaka themanini na moja anainua sketi mbele ya watu, na bwana mkubwa anaota ndoto."

"Anaweza kunisikia?" aliuliza Gardo.

"Anasikia mpaka unavyomeza mate. Hataki."

Gardo alivaa kofia. "Umesikia, Mama. Twende, nitakukodia gari." Akageuka. Alikuwa na mgongo wa Monserrate, Providencia aliona. Mgongo wa mtu anayerudi shambani saa ya jua kali kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Kesho saa nne mgongo huo ungekuwa ndani ya ndege.

Yeye alikuwa amekusudia kuketi tu. Benchi lilikuwa pale, na miguu ilimwaka moto. Aliliendea, akaweka mkono juu ya ubao wake, na badala ya kuketi akasema:

"Gardo. Kaa hapa."

"Mama."

"Kaa kama unavyokaa kwenye ngoma. Ubao utalia vya kutosha."

"Magoti yako hayawezi—"

"Nimekuuliza habari za magoti? Kaa, na unitazame mimi."

Hakuwa amecheza tangu Monserrate alipofariki, na hata kabla ya hapo hakuwa mchezaji wa kutajwa. Hatua zake zilikuwa nne, na wanawake wenzake walizijua zote. Alirudi katikati ya uwanja kwa viatu vya kitambaa. Gardo alikaa kwa kupanua miguu, benchi katikati ya mapaja, uso mwekundu kwa haya. Providencia aliliinamia benchi.

"Bikira wa Karmeli!" alicheka Nereida. "Analipa heshima benchi! Mama, njoo uone, wameleta sarakasi!"

Providencia alianza kuimba mwenyewe, wimbo wa zamani wa kumwita mtu aliyechelewa kuja, sauti ikikatika kwa kukosa pumzi. Akainua pindo la gauni la nyumbani. Gardo akapiga, mapigo matano, sita, ya kupendeza, yanayopanda.

Providencia akasimama. Akateremsha mikono, akangoja, vilevile alivyongoja doña Eustaquia Jumamosi ile.

Gardo aliinua macho. Mikono yake ikabaki hewani. Alielewa; mama yake aliona maana ikimfika. Akaipangusa mikono kwenye suruali.

"Tena, Mama," alisema polepole.

Akainua pindo tena. Pigo moja. Akalishusha. Pigo moja, zito zaidi. Akatupa bega la kulia, ubao ukalia. Akatupa la kushoto, ambalo halikupanda vizuri, na ubao ukalia vibaya vilevile, kwa upande wa kiganja. Nereida aliacha kucheka. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kugonga ukingo wa dirisha, mpigo wa chini, ule wa kushikilia, labda bila kukusudia.

Providencia hakuwa na la kufanya zaidi ya kuendelea. Alimtazama mwanawe machoni. Yalikuwa mekundu, yamezungukwa na weusi, hayakupepesa. Yalimpita kuanzia kichwani mpaka viatuni, na alihisi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwamba kuna mtu anaona goti la kulia lilivyovimba, anaona soksi iliyolegea, anaona kwamba mkono mmoja unakwenda mbele kidogo ili kumsaidia asianguke. Kila kimoja kilipewa sauti yake. Vidole vya Gardo vilianza kupasuka kwenye vifundo, alama za damu zikabaki ubaoni, hakuviangalia.

Alipojaribu kugeuka, hatua ya nne, goti likamsaliti. Alienda upande, mkono ukaruka juu, kiatu kikatoka, akapepesuka mara mbili na kujizuia kwa mguu mtupu. Na benchi likalia: mawili ya haraka, la tatu la kiatu, na moja la mguu mtupu, laini, mahali pake hasa. Lilisikika kama alikuwa amekusudia.

Nereida alisema, "Ala!" kwa sauti ndogo.

Gardo hakuinuka kumshika. Alitaka, mama yake aliona shingo yake ikivutika mbele; lakini mchezaji alikuwa hajamaliza, naye akabaki pale, mikono tayari, akimngoja. Providencia alivuta pumzi. Akakiacha kiatu kilipo. Akasogea mpaka mbele ya benchi, akainama kuaga, na akashindwa kujiinua mara moja, kwa hiyo akabaki ameinama, ameshika magoti, akitazama vumbi na kuhema.

Kuku mmoja alipita kati yao. Dirishani Nereida alikuwa ameshika nywele zake zilizosukwa nusu kwa mkono mmoja, akitazama nyuma, ndani ya nyumba.

Komeo likagonga. Mlango wa kijani ulifunguka kiasi cha uso, na uso wa doña Eustaquia ukatokea, umefungwa leso, bila miwani. Hakumtazama Gardo. Alimtazama Providencia, kisha mguu wake mtupu, kisha kiatu kilichobaki katikati ya uwanja.

"Provi," alisema. "Nani alikufundisha hatua ile ya mwisho? Mbaya mno. Tangu nizaliwe sijaona mbaya kama ile."

"Niliteleza, doña Eustaquia."

"Najua uliteleza. Nilisikia." Mkono wake ulibaki kwenye komeo. "Naye aliiona. Mbaya vile, aliiona."

Akaufungua mlango wote, akasogea kando kuwapisha.